Jino Jipya Mbele ya Okestra

Kanisani kwetu Machakos, wasichana walipewa matari na wavulana wakapewa vyombo vya shaba vya kupuliza. Hakuna mtu aliyesema kwamba hiyo ni sheria, ila ndivyo ilivyokuwa. Bendi ilikaa kushoto mwa mimbari: matarumbeta mbele, tromboni nyuma yake, na ngoma kubwa karibu na dirisha lililotazama vilima vya Iveti. Sisi wasichana tulisimama upande wa pili, riboni zikining'inia kwenye matari yetu, tukiyagonga kwa kiganja, kwa kiwiko na kwenye nyonga. Nilikuwa mpigaji mzuri wa tari, ingawa muda wote macho yangu yalikuwa upande ule mwingine.

Nikiwa darasa la sita, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilimfuata mwalimu wa bendi baada ya ibada. Alikuwa mwanamume mrefu, karani katika ofisi ya maji, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba ilikubidi umsogelee ili umsikie. Nilimkuta akifuta matarumbeta kwa kitambaa na kuyarudisha kabatini.

"Mwalimu, mimi nataka kupuliza hiyo," nikamwambia.

"Hii? Si wewe uko na tari?"

"Niko nayo. Lakini nataka hii."

Hakucheka. Alichomoa kidomo, kile kipande kidogo cha chuma ambacho mpigaji huwekea midomo, akakifuta, akanipa. "Bana midomo kama mtu anataka kusema mmm. Sasa puliza hapo katikati."

Nilipuliza ikatoka sauti ya nyuki aliyenaswa kwenye chupa. Akaniambia nirudie. Mara ya tatu sauti ilinyooka, ikasimama, na nikahisi meno yangu ya mbele yakitetemeka kidogo. Nilipenda mtetemo ule papo hapo.

"Midomo iko," alisema mwalimu. "Kuja Alhamisi ukitoka shule."

Wavulana walicheka Alhamisi hiyo, wakacheka na iliyofuata. Kisha wakachoka, maana ni vigumu kumcheka mtu ambaye anashikilia noti ndefu kuliko wewe.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na kazi. Mama, ambaye sote tulimwita Mwaitu kama ilivyo desturi ya Wakamba, alikuwa mwalimu wa nasari na alipenda nyumba yenye utulivu baada ya kushinda na watoto wadogo. Aliponiona nikiingia na tarumbeta chini ya kwapa, aliweka sufuria chini.

"Sasa msichana wangu atafura mashavu kama chura mbele ya watu?"

"Mashavu hayafuri, Mwaitu. Yakifura ujue unakosea."

"Nani amekuambia hivyo?"

"Mwalimu wa bendi. Unaona?" Nikapuliza noti moja mbele yake, mashavu yakiwa bapa kabisa. Ilikuwa noti mbaya, lakini mashavu hayakusogea. Mama akarudi kwenye sufuria yake.

Jirani yetu alikuwa na mtoto mchanga, na mtoto huyo na tarumbeta langu hawakupatana hata kidogo. Baba ndiye aliyepata suluhisho. Alikuwa mchongaji wa vinyago kule Wamunyu. Aliondoka Jumatatu asubuhi na kurudi Jumamosi akinukia vumbi la mbao na rangi ya viatu waliyotumia kung'arishia twiga na vifaru. Nilimweleza kwamba wapigaji wa tarumbeta wana kizibo cha kupunguza sauti, kama kikombe kinachoingizwa kwenye mdomo mpana wa chombo. Nilikuwa nimekiona pichani tu. Baba alipima mdomo wa tarumbeta kwa vidole, akauliza hewa inapita wapi, kisha Jumamosi iliyofuata akaja na kizibo cha mbao ya mjakaranda, kimechongwa ndani kikawa chembamba kama kikombe cha chai, na vipande vya ndala vimegandishwa pembeni ili kishike bila kukwaruza.

Nilikitia, nikapuliza. Sauti ikatoka ndogo, ya mbali, kana kwamba mtu alikuwa akipiga tarumbeta ng'ambo ya kilima.

"Inafanya?" Baba akauliza.

"Inafanya."

"Basi mtoto wa watu alale." Akaketi kula. Tangu siku hiyo hakuna aliyenizuia kufanya mazoezi.

Katika shule ya upili niliingia mashindano ya muziki kama mpigaji wa pekee. Wengine walileta kwaya na ngoma za asili. Mimi nilisimama peke yangu na wimbo wa kanisa niliokuwa nimeupamba kwa noti zangu mwenyewe. Nilipiga kwa nguvu zote. Jaji mmoja, mwanamke aliyevaa miwani yenye mnyororo, alinifuata nje ya ukumbi nilipokuwa nikimwaga maji yaliyojikusanya ndani ya tarumbeta.

"Umefundishwa wapi?"

"Kanisani, madam."

"Una pumzi ya ajabu. Lakini hujui bado kuitumia. Kuna mzee mmoja Nairobi, alistaafu kutoka bendi ya jeshi. Nitamwambia unakuja."

Ndivyo nilivyoanza kwenda Nairobi siku za Jumamosi wakati wa likizo. Mzee huyo aliishi katika nyumba ndogo yenye bustani ya sukumawiki, na sebuleni mwake hamkuwa na televisheni, ila viti viwili na stendi mbili za muziki. Siku ya kwanza alinisikiliza nikipiga wimbo ule ule wa mashindano.

"Wewe unaita ng'ombe," akasema.

Nikashusha tarumbeta.

"Ng'ombe wako mbali, lazima upige kelele, sawa. Lakini mimi niko hapa karibu. Hebu nipigie mimi."

Nilijaribu tena. Akatikisa kichwa. "Punguza. Punguza tena. Sasa usipunguze pumzi, punguza sauti tu."

Jambo hilo lilinichukua muda mrefu kuliko chochote nilichowahi kujifunza. Kwenye bendi ya kanisa, tarumbeta husukuma. Watu wanaandamana barabarani nyuma yako, na lori likipita ni lazima usikike. Muziki aliotaka kunifundisha ulikuwa wa namna nyingine. Aliuweka mbele yangu siku moja akisema, "Huu ndio utakaokufanya mtu." Ilikuwa konseto ya tarumbeta, yaani tarumbeta moja likisindikizwa na okestra nzima, iliyoandikwa Ulaya zaidi ya karne mbili zilizopita, yenye sehemu tatu: ya kwanza yenye fahari, ya pili ya polepole, na ya tatu yenye mbio. Niliipenda ile ya mbio. Mzee alinishikilia kwenye ile ya polepole mwaka mzima.

"Mbio mtu yeyote anaweza," alikuwa akisema. "Tembea, tukuone."

Nilipomaliza chuo cha ualimu nilipata kazi ya kufundisha muziki katika shule moja Athi River, ambako baadhi ya wazazi walifanya kazi kwenye viwanda na wengi wa wanafunzi walizungumza Sheng kwa kasi kuliko nilivyoweza kuwafuata. Jumatatu na Jumatano, baada ya masomo, niliendelea hadi Nairobi kwa mazoezi ya okestra. Nilikuwa tarumbeta la pili. Kazi ya tarumbeta la pili katika okestra ni kungoja. Unahesabu vipimo vya kimya huku fidla zikiimba, unanyanyua chombo, unapiga noti chache, unakiweka tena magotini. Nilihesabu bila kukosea, na noti zangu chache zilikuwa safi. Lakini kila msimu niliwaona wapigaji wa pekee wakija kutoka nje, wakisimama mbele ya okestra, wakipiga vipande nilivyovijua kwa moyo. Baadhi yao walikuwa wazuri sana. Wengine nilijua kabisa nawazidi.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, baada ya mazoezi, nilimwendea kiongozi wa okestra alipokuwa akiweka vitabu vyake kwenye buti la gari. Alikuwa mtu wa Mombasa, mwenye adabu na maneno machache.

"Shikamoo, mwalimu. Msimu ujao nataka kupiga konseto ya tarumbeta."

"Marahaba. Unataka kuipiga, au unataka kufikiriwa?"

"Nataka kuipiga. Nikifikiriwa sana utatafuta mtu mwingine."

Alifunga buti. "Chombo unacho hapo?"

Nilikuwa nacho. Nikasimama pale kwenye maegesho, walinzi wawili wakitazama, nikapiga sehemu ya pili, ile ya polepole, kwa sababu nilijua kila mtu angetarajia ya mbio. Nilimpigia yeye, aliyekuwa hatua chache mbele yangu, si ng'ombe. Nilipomaliza, mlinzi mmoja alikuwa amevua kofia.

"Msimu ujao," alisema kiongozi. "Jumapili ya mwisho. Usiniangushe."

"Siwezi," nikajibu, na nilimaanisha hivyo.

Nilipata likizo ya shule nikarudi Machakos kujiandaa. Nyumbani tulikuwa na kisima cha pampu ya mkono tulichotumia pamoja na majirani. Asubuhi moja nilikuwa nikipiga pampu hiyo, kipini chake kirefu cha chuma kikaniponyoka kilipokuwa chini, kikapanda kwa nguvu, kikanipiga mdomoni. Sikuanguka. Nilikaa tu kwenye saruji na kupeleka ulimi mahali pa jino langu la mbele. Nusu yake haikuwapo. Mdomo wa juu ulikuwa umepasuka kwa ndani, na damu ilikuwa inajaa kiganjani.

Mama alinifunga kanga kidevuni, tukaenda hospitali, nikashonwa. Njiani hakusema lolote kuhusu tarumbeta, na mimi nilijua ni kwa sababu hakuwa akifikiria kitu kingine. Kwa mpigaji wa tarumbeta, jino la mbele ndilo ukuta ambao mdomo unaegemea. Kidomo kinakaa pale pale kila siku, miaka na miaka, mpaka nyama yenyewe inakariri mahali pake. Ukuta ukibadilika, hata kwa unene wa ukucha, noti hazipatikani zilikokuwa.

Nilimpigia simu kiongozi wa okestra kutoka kwenye kibanda karibu na posta. Nilizungumza kwa shida.

"Pole sana," akasema. "Nitafute mtu mwingine? Hakuna atakayekulaumu."

"Usitafute mtu."

"Una hakika?"

"Mwalimu, jino ndilo limevunjika. Mapafu yako sawa."

Akasema atangoja mpaka nimwambie vinginevyo. Sikumwambia vinginevyo.

Daktari wa meno niliyemwendea mjini alikuwa mama wa makamo aliyetoka Murang'a, ameolewa na kukaa Machakos miaka mingi hata Kikamba chake kikawa kizuri kuliko cha vijana wetu. Alinikagua, akaniambia atanitengenezea jino la kufunika kipande kilichobaki.

"Tena nitalinyoosha," alisema kwa furaha. "Nikiangalia kipande kilichobaki, naona lilikuwa limepinda kidogo. Utakuwa na tabasamu la harusi."

"Daktari, naomba usilinyooshe."

"Kwa nini?"

"Nalitaka vile lilivyokuwa. Limepinda."

Aliweka kioo chake chini. "Mama, miaka yote ya kazi hii sijawahi kuombwa jino baya."

Nilifungua sanduku nikamtolea kidomo, nikamweleza. Nilimwonyesha alama hafifu ya duara kwenye mdomo wangu wa juu. Nilikuwa pia na picha ya darasa letu la chuo ambayo nilikuwa nimecheka wazi, na jino langu la zamani lilionekana vizuri, limejiinamia kwa mwenzake kama mtu anayenong'ona. Daktari aliichukua picha hiyo akaipeleka dirishani. Aliitazama kwa muda mrefu. Nilimwona akianza kuvutiwa.

"Kidonda kifunge kwanza," akasema. "Mpaka nikuruhusu, usipulize hata mshumaa."

Wiki hizo nilifanya mazoezi bila sauti. Nilibonyeza vitufe vya tarumbeta nikiimba noti kichwani. Nilisoma karatasi za okestra nzima, sehemu za fidla, za filimbi, za besi, mpaka nikajua kila mmoja anafanya nini ninapopiga na ninaponyamaza. Mzee wangu wa Nairobi alikuja kunitazama Machakos, akaketi na Baba nje wakazungumza kuhusu mbao. Kabla ya kuondoka aliniambia, "Pumzi ndiyo inapiga. Midomo ni mlango tu. Mlango ukitengenezwa, mwenye nyumba bado yuko." Nilimwamini kwa sababu hakuwa mtu wa kufariji watu.

Jino lilipokuwa tayari, daktari aliniambia nije na tarumbeta. Alilibandika, nikaketi wima kwenye kile kiti kirefu, kitambaa cha kuzuia mate kikiwa bado shingoni, nikainua chombo na kupuliza. Noti ya kati ilitoka. Noti ya juu ikapasuka.

"Linagusa hapa," nikamwonyesha kwa kidole. "Ndani kidogo."

Akachukua kijiwe chake cha kusugua, akasaga kidogo sana. Nikapuliza tena. Akasaga tena. Mlango wa chumba cha kungojea ulikuwa wazi, na nje walikuwapo wagonjwa wengine. Mzee mmoja aliyeshika shavu lake aliinuka akachungulia.

"Daktari," akasema, "mimi nang'oa tu. Hiyo ingine mnafanyia huyu sitaki."

Watu wakacheka huko nje, na daktari akacheka hata ikabidi aondoe mkono mdomoni mwangu. Tulipotulia alisaga mara moja ya mwisho. Nikapuliza ile noti ya juu, ikafunguka pana na safi, ikajaa chumba na korido, na nikahisi kwenye jino jipya mtetemo ninaoujua. Daktari alivua glavu zake.

"Ongeza," akasema, "nimalizie kazi yangu vizuri." Nikampigia mistari michache ya sehemu ya polepole, pale pale kitini.

Nguvu ya midomo ilirudi taratibu, kama mguu uliotolewa plasta. Nilianza na noti ndefu, laini, asubuhi na jioni, kisha skeli, zile ngazi za noti za kupanda na kushuka, kisha vipande vifupi vya konseto. Kulikuwa na siku mbaya. Lakini niligundua jambo ambalo sikulitarajia: kwa kuwa sikuweza tena kutegemea nguvu ya mdomo, nililazimika kutegemea pumzi, na sauti yangu ikawa ya duara zaidi, yenye joto. Mzee wa Nairobi aliposikia alisema neno moja tu: "Sasa."

Jumapili ya mwisho ya msimu ilifika, alasiri yenye jua. Ukumbi ulijaa. Wanabendi wa kanisa letu walikuja na sare zao, mwalimu wa bendi akiwa katikati. Wanafunzi wangu wa Athi River walikaa juu kabisa wakipungiana mikono. Baba na Mama walikuwa safu ya pili, Mama akiwa amevaa gauni la kijani alilotunza kwa ajili ya harusi.

Niliingia, nikainama, nikasimama. Konseto ile huanza na okestra peke yake, muda mrefu, na mpigaji wa pekee husimama tu mbele ya watu, tarumbeta mkononi, bila la kufanya. Wengi huogopa dakika hizo. Mimi nilizifurahia. Nilisikiliza fidla zikinitandikia njia, na kwa kuwa nilikuwa nimezikariri sehemu zao zote, nilijisikia kama mtu anayengoja zamu ya kusema katika mazungumzo ya marafiki. Zamu yangu ilipofika nilinyanyua chombo nikaingia.

Sitasema kila noti ilikuwa kamili. Moja katika sehemu ya tatu ilitaka kuniponyoka, nikaidaka. Lakini ile ya polepole niliipiga nilivyotaka kuipiga tangu nilipofundishwa kutembea. Nilipiga kwa sauti ndogo kabisa, na ukumbi ule mkubwa ulinisogelea. Hakuna aliyekohoa.

Makofi yalipokwisha na watu wakawa wanatoka, Mama alinifikia kwanza. Alinishika mabega akanitazama mdomo kwa makini, akahakikisha uko mzima.

"Ulipiga vizuri," akasema. "Lakini mbona mwanzoni ulisimama tu? Mimi nilidhani umesahau."

"Ndivyo ilivyoandikwa, Mwaitu."

"Aiya. Wangeandika ukae kwenye kiti."

Baada ya siku hiyo simu zilianza kuja. Nilipiga konseto ile tena Nairobi, nikaipiga Mombasa, nikajifunza nyingine mbili. Shule ilinipunguzia vipindi. Sikuwa tarumbeta la pili tena, ingawa niliendelea kukaa kwenye okestra nisipokuwa na kazi ya pekee, kwa sababu kuhesabu kimya ni shule ambayo mtu hapaswi kuiacha.

Miaka michache baadaye nilialikwa Kampala, kupiga katika kanisa kubwa lililoko juu ya kilima. Mwangwi wake ulikuwa mrefu. Noti ilipotoka ilizunguka dari na kurudi ikiwa imepoa. Wakati wa majaribio nilitembea huku na huko na kupiga noti moja moja mpaka nikapata mahali pa kusimama, hatua kadhaa kando ya pale waliponiwekea alama. Kiongozi wa okestra yao alishangaa kidogo, lakini aliposikia tofauti aliisogeza alama mwenyewe kwa mguu.

Tulipopumzika, mwanamke mmoja aliyepiga fidla alinijia na kikombe cha chai.

"Wewe ni wa wapi Kenya?"

"Machakos."

"Na huko kuna tarumbeta?"

"Ziko nyingi," nikamwambia. Nikanywa chai yangu, kisha tukarudi kufanyia kazi sehemu ya tatu, ambayo wapiga fidla wao walikuwa wakiikimbiza kupita kiasi.